Kufungia seli za bakteria na hamira kwa kazi ya kiwandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa bayoteknolojia, wenye viwanda vidogo vya siki na vinywaji, na yeyote aliyesikia kwamba bakteria wanaweza kufungiwa ndani ya jeli wakachapa kazi miezi mingi bila kubadilishwa. Maswali ni yale niliyoulizwa darasani na maabara, na nimeyaacha yafuatane kama yanavyokuja, moja likizaa jingine.

Kufungia seli ni kufanya nini hasa?

Fikiria tangi la pombe. Hamira inaelea ndani, inakula sukari, inatoa kilevi. Kazi ikiisha unaisubiri itulie chini au unaichuja, unasafisha tangi, halafu unaanza upya na hamira nyingine. Kila mara unalipia hamira, unalipia muda wa kuikuza, unalipia maji ya kuosha.

Ukizifungia seli, mambo yanageuka: seli zinakaa mahali pamoja na malighafi ndiyo inayotembea. Unajaza mnara kwa punje ndogo za jeli zenye seli ndani, unapitisha maji yenye malighafi juu, na chini inatoka bidhaa. Seli hazitoki. Ndiyo maana unaweza kuzibana nyingi katika nafasi ndogo, ukapitisha maji kwa kasi bila kuogopa kwamba yatazizoa.

Je, seli hizo huwa hai kweli?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aanze nalo, kwa sababu jibu lake linaamua karibu kila kitu kinachofuata.

Chukua mfano unaotajwa sana, wa kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Osaka, Japani. Mwaka 1969, Ichiro Chibata na wenzake walikuwa wa kwanza kutumia kimeng'enya (protini ya seli inayoharakisha badiliko la kemikali) kilichofungiwa katika uzalishaji wa kiwandani. Mwaka 1973 wakapiga hatua nyingine: badala ya kusumbuka kukitoa kimeng'enya ndani ya bakteria na kukisafisha, walimfungia bakteria mzima, Escherichia coli, ndani ya jeli ya poliakrilamaidi. Wakapitisha mchanganyiko wa asidi ya fumariki na amonia kwenye joto la 37 °C, na upande wa pili ikatoka asidi ya aspatiki, ile ambayo baadaye ilikuja kutakiwa sana kwa kutengenezea kikoleza utamu cha aspatamu. Kuivuna ni rahisi: unashusha pH hadi 2.8 hivi, nayo inaganda kuwa fuwele.

Sasa sikiliza jambo lililowashangaza. Jeli mpya ilipoachwa siku moja au mbili ndani ya malighafi yake kwenye joto lilelile, nguvu yake ya kazi ilipanda karibu mara kumi. Mtu angesema bakteria wamezaliana. Hapana. Walikuwa wamekufa na kuta zao zimepasuka. Ukuta wa seli ndio uliokuwa ukichelewesha malighafi kuingia, na ulipovunjika, kimeng'enya kilibaki kimenaswa na jeli huku malighafi ikipita kwa uhuru. Kiwanda kilikuwa kinaendeshwa na maiti za bakteria, na zikafanya kazi nzuri kuliko walio hai.

Kwa hiyo kuna seli za namna mbili katika fani hii. Kuna seli unayoitumia kama mfuko wa kimeng'enya kimoja, na uhai wake haukuhusu. Na kuna seli unayoihitaji ipumue, ipate chakula, ijitengeneze yenyewe inapochakaa. Ukizichanganya hizi mbili, utapoteza miezi.

Nitajuaje kama kazi yangu inataka seli hai?

Hesabu hatua. Kama malighafi inageuka bidhaa kwa hatua moja tu, na hatua hiyo haihitaji nguvu ya seli, huhitaji uhai. Fumariki kuwa aspatiki ni hatua moja. Kadhalika sukari ya kawaida kuwa isomaltulozi, sukari ya aina nyingine, kazi ambayo Südzucker ya Ujerumani huifanya kwa bakteria aitwaye Protaminobacter rubrum, aliyefungiwa ndani ya jeli ya alginati.

Lakini sukari kuwa kilevi ni safari ya hatua zaidi ya kumi, na njiani seli inatumia na kurudisha vitu kama ATP, kibeba nishati cha seli, ambavyo huwezi kuvinunua na kuvimwaga kila siku. Kilevi kuwa siki kinataka seli inayopumua oksijeni. Kusafisha maji taka kunataka jamii nzima ya bakteria, mmoja akila kinyesi cha mwenzake. Hapo bila uhai huendi popote.

Seli hai ina gharama yake. Inakula sehemu ya malighafi yako ili iishi. Inazaa, na watoto wanapasua jeli na kuchungulia nje. Na kwa kuwa ina vimeng'enya maelfu, inaweza kukutengenezea usichokitaka. Tanabe walipofungia Brevibacterium ili wapate asidi ya maliki kutoka kwenye fumariki, walipata na asidi ya suksiniki ndani yake, na kuzitenganisha hizo mbili ni taabu. Dawa yao ilikuwa kuziloweka seli kwenye dondoo la nyongo. Nyongo ilizuia uzalishaji wa suksiniki, njia ya maliki ikabaki.

Kuna njia ngapi za kuzifungia?

Nyingi, ila kwa kazi ya kila siku utakutana na nne. Ya kwanza ni kuziacha zing'ang'anie zenyewe juu ya kitu: vipande vya mbao, mawe, plastiki, udongo wa kuchoma. Ya pili ni kuzinasa ndani ya jeli. Ya tatu ni kuzishikanisha kwa kemikali kama glutaraldehaidi, njia inayofaa zaidi pale usipojali uhai wao. Ya nne ni kuzisubiri zijifunge zenyewe kuwa mabonge au punje, kama zile za mitambo ya maji taka nitakazozieleza chini. Mimi binafsi naiheshimu ya kwanza kuliko zote kwa viwanda vyetu vidogo, kwa sababu hainunui kitu.

Naweza kujaribu kwa hamira ya dukani?

Ndiyo, na ufanye. Hakuna somo linaloingia kichwani haraka kama hili.

Koroga gramu 2 za alginati ya sodiamu katika mililita 100 za maji. Huo ni unga unaotokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Hauyeyuki kirahisi, unafanya madonge kama unga wa ugali uliotiwa kwa pupa. Nyunyiza kidogo kidogo huku unakoroga, kisha uache usiku kucha. Usitumie maji ya kisima cha pwani. Yametoka kwenye mawe ya chokaa, yana kalsiamu, na kalsiamu itaanza kugandisha kabla hujawa tayari. Maji ya mvua au yaliyotoneshwa yanafaa. Unga wa alginati wa madaktari wa meno pia usiutumie, kwani umeshachanganywa na kalsiamu ndani.

Asubuhi changanya kijiko cha hamira, uvute kwa bomba la sindano lisilo na sindano ndefu, na udondoshe tone kwa tone ndani ya maji yenye kloridi ya kalsiamu ya asilimia 2. Kila tone linagusa maji na palepale linakuwa ushanga. Mwanzoni shanga ni laini, ukizibonyeza zinateleza kati ya vidole. Ziache nusu saa zikaze, uzioshe, uzitie kwenye chupa yenye maji ya sukari.

Baada ya muda si mrefu utaona kitu ambacho wanafunzi wangu huacha kila kazi kukitazama. Ushanga ulio chini unapata kiputo kimoja ubavuni, kisha viwili, halafu unanyanyuka taratibu hadi juu. Ukifika, viputo vinapasuka, nao unazama tena. Chupa nzima inapanda na kushuka. Kesho yake mwaga maji yale, tia sukari mpya, nazo zinaanza tena bila kuongezwa hamira.

Acha mfuniko umelegea. Gesi ile inaweza kupasua chupa ya kioo.

Shanga zangu zimeyeyuka usiku. Nimekosea wapi?

Yamkini umetumia bafa (maji yanayotunza pH isibadilike) ya fosfati, au ya sitrati. Zote mbili zinampokonya alginati kalsiamu yake, na bila kalsiamu jeli inarudi kuwa uji. Mwaka wangu wa kwanza wa utafiti niliacha shanga za wiki tatu ndani ya bafa ya fosfati siku ya Ijumaa. Jumatatu nilikuta chupa ya uji mweupe wenye harufu ya mkate. Tangu siku hiyo naongeza kalsiamu kidogo kwenye maji ninayopitisha, au nabadilisha jeli kabisa.

Kwa nini shanga kubwa zinafanya kazi vibaya kuliko ndogo?

Kwa sababu ya njaa ya katikati. Chakula kinaingia ndani ya ushanga kwa kupenya taratibu, na seli za pembeni zinakula kwanza. Kwa sukari tatizo si kubwa, maana unaweza kutia gramu 100 katika lita moja. Kwa oksijeni ni balaa. Lita ya maji kwenye joto la 30 °C inabeba miligramu zipatazo 7.5 tu za oksijeni. Seli zikiwa nyingi na zenye kazi, oksijeni inakwisha ndani ya mikromita mia moja au mia mbili za mwanzo. Ushanga wa milimita 4 basi una ganda jembamba lenye uhai, na ndani yake kuna seli zinazokaa bure au zinazokufa.

Kwa hiyo kama kazi yako inahitaji hewa, usikimbilie jeli nene. Tumia utando mwembamba juu ya kitu chenye eneo kubwa. Watengeneza siki walilijua hilo zamani.

Siki inaingiaje hapa?

Inaingia mwanzo kabisa. Tembo la mnazi likiachwa siku kadhaa wazi linachachuka na kuwa siki: bakteria wa hewani wanaichukua pombe na kuigeuza asidi. Kasi ni ndogo kwa sababu bakteria hao wanaweza kupumua pale juu tu, panapogusana na hewa.

Mwaka 1823 Schützenbach wa Ujerumani alitoa njia ya haraka. Jaza pipa refu kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyorandwa, mbao za mti wa biki. Mimina pombe dhaifu kutoka juu idondoke polepole, acha matundu chini kwa ajili ya hewa. Bakteria wanajifunga wenyewe juu ya mbao kama utando mwembamba, na kila kipande kinakuwa uso wa kupumulia. Halafu kuna jambo zuri ambalo halikuhitaji mashine: kugeuza pombe kuwa siki kunatoa joto, joto linapandisha hewa, nayo inavuta hewa mpya kutoka chini. Pipa linajipulizia lenyewe.

Jifunze pia udhaifu wake. Joto likizidi bakteria wanakufa, kwa hiyo weka kipimajoto katikati na upunguze kasi ya kumimina ukiona linapanda sana kupita 30 °C. Pombe ikiisha kabisa kabla hujaongeza, baadhi ya bakteria wanaanza kuila siki yenyewe. Na wapo wanaotengeneza ute mzito wa selulozi unaoziba njia. Viwanda vikubwa leo hutumia matangi yanayopulizwa hewa kwa nguvu, seli zikiwa zinaelea. Kwa mtengenezaji wa lita mia chache kwa wiki, pipa la mbao bado halijapitwa na wakati. Mbao za biki hatuna, lakini magunzi ya mahindi yaliyochemshwa na kuoshwa vizuri yanastahili kujaribiwa, mradi usitumie mbao zenye utomvu au zilizopakwa dawa.

Ni mfano gani wa kiwandani ulio mkubwa?

Akrilamaidi. Hii ndiyo malighafi ya kemikali zinazotumika kugandisha taka kwenye mitambo ya maji safi na viwanda vya karatasi. Zamani ilitengenezwa kwa kichocheo cha shaba na joto kubwa. Mwaka 1985 kampuni ya Nitto Chemical ya Japani ilianza kuitengeneza kwa bakteria wa jamii ya Rhodococcus waliofungiwa, na mwaka 1991 ikahamia kwa Rhodococcus rhodochrous J1, aliyetokana na kazi ya Hideaki Yamada na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Kazi inafanyika kwenye baridi, karibu 10 °C au chini yake, ili kimeng'enya kisichakae. Umuhimu wake ni kwamba kabla ya hapo watu wengi waliamini kemikali za wingi, zinazouzwa kwa bei ndogo kwa tani, si kazi ya bakteria.

Hapo tena, seli inatumika kwa kimeng'enya chake kimoja.

Na kwenye bia?

Hapo seli ni hai, na mfano ni mzuri. Bia changa ina ladha ya siagi inayoletwa na kemikali iitwayo diasetili. Kwa kawaida bia inalazwa baridini wiki kadhaa ili hamira iimalize. Kiwanda cha Sinebrychoff cha Finland kuanzia mwaka 1990 hivi kilifupisha safari hiyo: bia inapashwa joto hadi karibu 90 °C kwa dakika chache ili kitangulizi chote, yaani kemikali inayozaa diasetili, kigeuke diasetili kwa mkupuo, inapozwa, kisha inapitishwa kwenye mnara wenye hamira iliyofungiwa juu ya selulozi. Inachukua kama saa mbili.

Angalia kwa nini ilifanikiwa. Hamira pale haihitaji kukua, haitoi gesi nyingi, na kazi yake ni ndogo na ya wazi.

Basi kwa nini viwanda vya ethanoli ya molasi havitumii?

Vilijaribiwa, hasa Japani miaka ya 1980. Lakini hamira inayochachusha molasi inazaa sana na kutoa gesi nyingi. Gesi inanyanyua shanga, inazipasua, inafungua njia za mkato ndani ya mnara. Molasi yenyewe ina uchafu unaoziba. Na bakteria wavamizi wakiingia ndani ya mnara, huwezi kumwaga na kuanza upya kirahisi. Wakati huohuo viwanda vya Brazili vinairudisha karibu hamira yote tangini kwa mashine za kuzungusha kwa kasi na kuiosha kwa asidi. Faida ambayo kufungia kungeleta tayari wanayo. Mtu akikuletea pendekezo la kufungia hamira kwa ethanoli, muulize atakushindaje mzunguko huo.

Mwani wa Zanzibar unafaa kwa kazi hii?

Unafaa, na swali hili linanigusa. Mwaka 1978 Tanabe waliacha poliakrilamaidi wakahamia karaginani ya aina ya kapa, jeli itokanayo na mwani mwekundu. Kwenye poliakrilamaidi nguvu ya seli ilipungua nusu baada ya siku 120 hivi. Kwenye karaginani iliyokazwa kwa kemikali, siku 680 hivi.

Mwani wa kutengenezea karaginani ndio unaolimwa Unguja na Pemba, Paje na Jambiani mpaka Micheweni, tangu mbegu za Ufilipino zilipoletwa mwaka 1989. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameshapiga mbiu ya zao hili tangu miaka ya 1970. Wakulima wengi ni akina mama.

Tofautisha lakini aina mbili za mwani huo, kotonii na spinosamu. Kotonii inatoa kapa, jeli ngumu inayokazwa na potasiamu, na hiyo ndiyo ya kufungia seli. Spinosamu inatoa aiota, jeli laini inayovutika. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo inayokufa maji yanapopata joto, kwa hiyo kinachovunwa zaidi ni spinosamu. Tena mwani mwingi unaondoka visiwani ukiwa mkavu tu, na jeli inatengenezwa kwingine. Ningependa sana kuona maabara zetu zikipima aiota kwa kufungia seli hai, maana ulaini wake huenda ukazifaa seli zinazozaa.

Maji taka je?

Kama una kiwanda cha vinywaji, maziwa au matunda, anzia hapa kabla ya kufikiria bidhaa yoyote. Miaka ya 1970 Gatze Lettinga wa Wageningen, Uholanzi, alikuza mtambo ambao maji taka yanaingia chini na kupanda polepole bila hewa. Bakteria wanaoelea wanazolewa. Wanaoshikana wanazama na kubaki. Baada ya muda wanakuwa punje nyeusi za milimita moja au mbili, zinazozama kama mchanga. Hakuna jeli iliyonunuliwa. Juu unakusanya gesi ya kupikia au ya kuwasha boila.

Bakteria hawa wanapenda joto la 30 hadi 37 °C. Ulaya wanalipia joto hilo. Dar es Salaam na Mombasa linakuja lenyewe.

Tatizo ni mwanzo. Punje zinachukua miezi kujijenga, kwa sababu bakteria wa methani hukua polepole mno. Tafuta punje kutoka mtambo unaofanya kazi tayari, hata lori moja, na uanze kulisha kidogo. Ukiwalisha sana siku za mwanzo, asidi inajaa, pH inashuka chini ya 6.5, na wale wa methani wanagoma.

Ni salama kwa chakula?

Alginati na karaginani ni viungo vinavyoruhusiwa kwenye vyakula. Glutaraldehaidi na akrilamaidi ambayo haijaungana ni sumu. Usiziguse bila glavu, na usizitumie kufungia seli za kitu kitakachonywewa kama huna mtu wa kupima mabaki yake.

Nina mtaji mdogo. Nipime nini kwanza?

Vitu vitatu, kwa mkono wako, kabla ya kununua mnara. Gramu ngapi za bidhaa zinatoka kwa saa kwa kila lita ya shanga. Nguvu hiyo imepungua nusu baada ya siku ngapi. Usikubali jaribio la siku tatu, fanya la siku thelathini. Na hesabu seli zilizo kwenye maji yanayotoka: kama zinaongezeka kila siku, shanga zako zinavuja, na huenda kazi unayoisifia inafanywa na seli zilizotoroka. Zitoe shanga, acha maji yale peke yake kwa saa chache, upime tena.